Kicheko Kiko Upande wa Nani? Tathmini ya Maison Ikkoku ya Rumiko Takahashi

Kila ninapofungua manga inayochanganya mapenzi na vichekesho, swali la kwanza ninalojiuliza ni hili: panapotokea mwanamume anayemkodolea macho mwanamke, na mchoraji akataka tucheke, tunamcheka nani? Tunamcheka yule anayetazama, tukimwona alivyoduwaa na kujisahau, au tunaitwa tusimame naye bega kwa bega, tukitazame anachokitazama, na kicheko kiwe kisingizio cha kutuondolea haya? Nimesoma manga nyingi zilizochagua njia ya pili, na baadhi yake nimeziacha katikati. Maison Ikkoku, ambayo nimeimaliza mwezi uliopita kwa mara ya pili, ndiyo iliyonionyesha kwa ukamilifu kuliko nyingine zote kwamba njia ya kwanza inawezekana, na kwamba mchoraji anaweza kuyaacha macho yatamani bila kumtundika mwanamke kama nyama ya buchani.

Kwa msomaji ambaye neno manga kwake bado ni la pilipili manga na la Wamanga waliokuja na pepo za kaskazi, niseme mapema kwamba hapa nazungumzia katuni za Kijapani, zile zinazotolewa sehemu kwa sehemu katika majarida na baadaye kukusanywa katika juzuu. Toleo nililosoma ni la Kiingereza, la kampuni ya Viz, lililoanza kutoka mwaka 2020 na kukamilika kwa juzuu 10 nene. Huko Japani hadithi hii ilikusanywa kwanza katika juzuu 15. Linasomwa kutoka kulia kwenda kushoto, kama msahafu, au kama tenzi zetu za kale zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na baada ya kurasa chache jicho huzoea. Karatasi ni nzuri, wino umekolea, na michoro haikupinduliwa kama ilivyokuwa desturi ya matoleo ya zamani ya Magharibi, ambayo yaliwafanya wahusika wote kuwa watu wa mkono wa kushoto.

Rumiko Takahashi alizaliwa Niigata mwaka 1957. Mwaka 1978, akiwa bado mwanafunzi wa chuo, alianza Urusei Yatsura katika jarida la wavulana la Weekly Shonen Sunday, hadithi ya fujo ambamo kijana mwenye tamaa hupigwa shoti ya umeme kila anapowakimbilia wasichana wengine. Miaka miwili baadaye kampuni ya Shogakukan ilianzisha Big Comic Spirits, jarida la watu wazima, na Maison Ikkoku ilikuwemo tangu toleo la kwanza. Kwa hiyo mwanamke wa miaka 23 hivi alikuwa akiandika hadithi mbili kubwa kwa wakati mmoja, moja ya wavulana na nyingine ya wanaume wenye kazi na kodi za nyumba, na zote mbili alizimaliza mwaka 1987. Jambo hili ninalitaja kwa sababu linaeleza mengi. Katika ile ya wavulana, adhabu ya macho ya uchu ni umeme, na umeme ukishapita mambo yanarudi palepale. Katika hii ya watu wazima hakuna umeme. Kuna majirani, kuna aibu, na kuna miaka inayopita.

Hadithi yenyewe ni nyepesi kuisimulia. Ikkoku ni nyumba ya kupanga, ya mbao, kuukuu, yenye orofa na saa kubwa iliyokufa juu ya paa, katika kitongoji cha Tokyo. Yusaku Godai ni kijana aliyefeli mtihani wa kuingia chuo na anasubiri kuurudia. Amechoshwa na wapangaji wenzake, amefunga mizigo, yuko mlangoni anaondoka, na hapohapo anatokea msimamizi mpya wa nyumba, Kyoko Otonashi, pamoja na mbwa wake mkubwa mweupe. Godai anarudisha mizigo chumbani. Hajui bado kwamba Kyoko, aliyemzidi miaka miwili, ni mjane. Kwamba mumewe Soichiro alifariki miezi michache tu baada ya ndoa. Na kwamba mwenye nyumba ni baba mkwe wake. Kwa lugha yetu, eda ya Kyoko imekwisha kwa hesabu ya siku, lakini moyoni bado amekaa ndani. Juzuu zote 10 ni safari ya watu hawa wawili kutoka pale mlangoni.

Wapangaji wengine ndio roho ya kicheko. Bi Ichinose wa chumba namba 1 hulewa na kucheza na vipepeo vyake viwili vya mkononi. Akemi Roppongi wa chumba namba 6 anafanya kazi kwenye baa na hupita korido akiwa na gauni la kulalia jepesi mno. Yotsuya wa chumba namba 4 hajulikani anafanya kazi gani, na kuchungulia vyumba vya watu ndiyo starehe yake. Wote hukusanyika chumbani kwa Godai, namba 5, kunywa na kupiga kelele, hasa usiku wa kuamkia mtihani. Msomaji wa Kijapani huona pia kwamba kila jina limebeba tarakimu: Ichinose ni moja, Yotsuya ni nne, Godai ni tano, Roppongi ni sita, na jina la Otonashi, ukoo alioolewa Kyoko, limebeba sifuri. Mtu aliyewahi kupanga chumba katika nyumba ya Kiswahili, milango ikitazamana koridoni, choo kimoja kwa familia sita, hatahitaji kufafanuliwa mambo haya. Anajua kwamba katika nyumba ya namna hiyo hakuna siri, na kwamba mapenzi ya mpangaji mmoja ni mali ya wapangaji wote.

Hapa ndipo ninapoiona akili ya Takahashi. Kile ambacho wapangaji wanamfanyia Godai, sisi tungekiita utani, kwa maana yake kamili ya zamani: mtani ana ruhusa ya kukusema hadharani lile ambalo wengine wanalinong'ona, na huna haki ya kukasirika. Godai anapomtazama Kyoko akifagia uani, akiwa na aproni yake yenye picha ya kifaranga na sauti ya kifaranga iliyoandikwa kifuani, sisi tunayaona mawazo yake yakichorwa kwenye wingu juu ya kichwa: Kyoko analegea, Kyoko anamwegemea, Kyoko analitamka jina lake. Mchoro wa ndoto hiyo ni laini, macho ya Kyoko yamejaa nyota, na kwa sekunde moja msomaji naye anavutwa. Kisha fremu inayofuata inatuonyesha Godai kutoka nje, mdomo wazi, mikono ikikumbatia hewa, na Bi Ichinose amesimama nyuma yake na sigara anamwuliza anafanya nini. Ndoto na aibu vimewekwa kwenye ukurasa mmoja. Hatupewi nafasi ya kuibeba ile ndoto kwenda nayo nyumbani, kwa sababu tumeshakamatwa pamoja na mwotaji.

Ninasisitiza neno kukamatwa kwa kuwa ndiyo tofauti. Manga ina alama zake za tamaa ambazo msomaji yeyote wa muda mrefu anazitambua, ikiwemo damu kumwagika puani mwa mwanamume aliyeona asichopaswa kuona, na alama hizo kwa kawaida humwambia msomaji kwamba amepewa zawadi. Mwaka 1968, jarida la Shonen Jump lilipokuwa jipya, Go Nagai alianza humo Harenchi Gakuen, hadithi ya shule iliyojenga vichekesho vyake juu ya kuwaaibisha wasichana, na vyama vya wazazi vikaja juu. Wazazi wale hawakukosea kuhusu nani aliyekuwa akilipa gharama ya kicheko. Tangu hapo mkondo huo haujakauka. Hata City Hunter ya Tsukasa Hojo, iliyotoka kati ya 1985 na 1991 na ambayo naipenda kwa mambo mengine mengi, inategemea mtindo uleule: Ryo, mpelelezi wa kukodiwa, anamrukia kila mteja mrembo, Kaori, mwenzake wa kazi, anamshushia nyundo iliyoandikwa tani 100, tunacheka, na mteja anayefuata akiingia mlangoni mchezo unaanza upya. Nyundo ile inatoa adhabu, lakini pia inatoa kibali, kwa sababu adhabu ikishalipwa msomaji anarudi kutazama bila deni. Maison Ikkoku haina nyundo, na deni la kutazama halifutwi kwa pigo moja.

Sura moja ya mapema inaonyesha jambo hili waziwazi. Godai amelewa chakari. Yuko barabarani usiku, na anapaza sauti kumtangazia Kyoko mapenzi, kwa jina, mtaa mzima ukisikia. Kyoko anatoka mbio kumnyamazisha, uso umewiva kwa aibu. Godai anambeba mzimamzima, anapanda naye ngazi, wapangaji wametoa vichwa milangoni, na anaingia naye chumbani. Katika manga nyingi hapa ndipo kalamu ingemgeukia Kyoko, ikahesabu vifungo vyake na kutetemeka kwake. Takahashi anabaki na uso wa Kyoko, na kilichomo usoni ni hofu, hasira, na kitu cha tatu ambacho mwenyewe hakijui jina. Kisha Godai anaanguka na kulala fofofo. Tunacheka, ndiyo, lakini sura haiishii hapo. Asubuhi Godai hakumbuki lolote, na Kyoko, ambaye mtaa mzima sasa unamtazama anapokwenda sokoni, anamjibu kwa ubaridi ambao yeye Godai haelewi umetoka wapi. Kicheko kimekuwa na gharama, na aliyeilipa amepewa ukurasa wa kuonyesha jinsi ilivyomuuma.

Zaidi ya hayo, Kyoko mwenyewe ana macho. Huyu si malaika wa kuabudiwa. Ni mwanamke mwenye wivu mkali, mwepesi wa kununa, anayependa kupendwa na anayeogopa kuchagua, na Takahashi hamfichi. Tunamwona akifagia mahali palepale kwa nguvu zisizo na sababu kwa kuwa Godai ametoka na msichana aitwaye Kozue. Tunamwona akijiambia kwamba hayamhusu, huku sikio lake liko kwenye simu ya koridoni. Anamtazama Godai usingizini, mgongoni, akiwa amebeba mtoto wa jirani, na fremu zinazoyabeba macho yake ni ndefu na kimya kuliko zile za Godai, kwa sababu tamaa ya Kyoko inapaswa kwanza kupita mlango wa marehemu. Uso wa Soichiro hatuuoni kamwe. Katika kila picha, katika kila kumbukumbu, uso wake uko kivulini au umekatwa na ukingo wa fremu. Mchoraji anayeweza kumchora mtu yeyote amekataa kutupa uso huu mmoja, na matokeo yake ni kwamba tunahisi kile anachokihisi Godai: unashindanaje na mtu ambaye huwezi hata kumtazama? Yule mbwa naye anaitwa Soichiro. Marehemu ndiye aliyekuja naye nyumbani, na mbwa alikataa kuitika jina jingine ila lile ambalo Kyoko alimwitia mumewe. Kwa hiyo kila anapomwita mbwa wake kula, mjane huyu analitamka jina la mumewe, na inachekesha, na baada ya juzuu ya tatu inaanza kuuma.

Lakini ushahidi mkubwa zaidi ni Akemi. Nikiri kwamba kwa juzuu kadhaa za mwanzo nilimhesabu kuwa kasoro. Huyu ndiye mwanamke ambaye kalamu inamtazama bila staha: nguo nyepesi, mkao wa kulegea, mzaha wa kumwegemea Godai ili kumtia jasho. Nilidhani amewekwa pale kwa ajili ya wasomaji wanaume wa jarida, kama chumvi ya mezani. Huenda mwanzoni ilikuwa hivyo. Ila ukisoma kwa makini utaona kwamba Akemi hatazamwi bila kujua. Anajua kila jicho lililo juu yake, limemchosha, na halimtishi. Halafu, karibu na mwisho, Akemi anakwama katika hoteli ya wapenzi bila pesa, anampigia simu Godai aje kumkomboa, na wanaonekana wakitoka pamoja. Habari inamfikia Kyoko na nyumba inawaka moto. Kyoko anafunga mizigo. Na ni Akemi, yule wa gauni la kulalia, anayemwambia usoni ukweli ambao hakuna mwingine aliyethubutu kuusema kwa miaka yote hiyo: kwamba analia na kuwaka kwa ajili ya mwanamume ambaye hajamruhusu hata kumshika mkono sawasawa, na kwamba yeye Akemi si mjinga wa kumchukua mwanamume anayependwa na mwanamke msumbufu kiasi hicho. Niliposoma kurasa hizo mara ya kwanza niliweka kitabu chini. Mwanamke tuliyefundishwa kumtazama tu ndiye aliyekuwa akitazama vizuri kuliko wote. Nilirudi juzuu ya kwanza, nikamsoma upya, na kila mzaha wake ulikuwa umebadilika sura.

Kwa upande wa mapenzi yenyewe, hadithi ina subira ambayo wasomaji wa sasa wanaweza kuiona ni ndefu mno. Yapo mapito ambayo hata mimi niliyapita haraka. Shun Mitaka, mwalimu wa tenisi, tajiri, mwenye meno yanayometameta, ni mshindani mzuri wa Godai, lakini kichekesho cha yeye kuogopa mbwa kimevutwa mpaka kikachanika, ingawa namna anavyoishia kuoa, kwa sababu ya mimba ambayo si ya yule anayedhani, ni ya kuchekesha kwa dhati. Suitafahamu za simu, barua na watu kuonana pasipotakiwa zinajirudia. Katika nyumba yenye simu moja ya wapangaji wote hilo linaaminika. Katika sura ya kumi na tano ya namna hiyo linachosha.

Kuna makosa mazito zaidi, na sitaki kuyafunika kwa sababu tu kazi hii naipenda. La kwanza ni Yotsuya. Kuchungulia kwake hakukuwahi kupata kile ambacho ndoto za Godai zilipata; hakuna anayemkamata kwa maana ya kweli, na hakuna ukurasa unaomwuliza Akemi au Kyoko inakuwaje kuishi karibu na mtu kama huyo. Hapa kicheko kimehamia upande wa jicho, na kanuni ambayo Takahashi ameijenga kwa uangalifu kwingineko imelegezwa. La pili ni Kozue. Godai hampendi, anajua hampendi, na kwa miaka anamwacha aamini vinginevyo kwa kuwa anaona haya kumwambia. Mchoraji analichukulia jambo hili kama udhaifu wa kuchekesha wa kijana mpole. Mimi naliona kuwa ni dhuluma kubwa kuliko macho yote ya uchu yaliyomo katika juzuu 10, na nadhani msomaji aliyewahi kukalishwa kwenye kiti cha Kozue atakubaliana nami.

La tatu linahusu shule. Godai anapokwenda kufanya mazoezi ya ualimu katika shule aliyosoma Kyoko, mwanafunzi mmoja, Yagami, anampenda na kumfuatafuata, na Takahashi anaandika sehemu hii kwa akili: Godai anakataa, anakimbia, anaogopa, na kicheko chote kiko juu ya hofu yake, wala msichana hachorwi ili atamaniwe. Hilo ni jema. Ila Kyoko naye alimpenda Soichiro akiwa mwanafunzi na Soichiro akiwa mwalimu shuleni kwake, na wakaoana baada ya yeye kuhitimu, huku wazazi wake wakipinga. Hadithi inaviweka visa hivi viwili kimoja kando ya kingine, ikamfanya Kyoko amtazame Yagami na kujiona mwenyewe, lakini marehemu haulizwi chochote. Kivuli kilichofunika uso wake kimemkinga na swali ambalo Godai aliulizwa. Mimi ni mzazi, na nimekaa katika vikao vya shule ambavyo swali hilo halikuwa la kubuni. Nilitamani mchoraji mwenye ujasiri kama huu aliulize hata kwa fremu moja.

Pamoja na hayo, juzuu mbili za mwisho zinastahili sifa zote zinazopewa. Godai na Kyoko, baada ya miaka yote ile ya ndoto kwenye mawingu, hatimaye wako peke yao katika chumba cha hoteli, na mambo hayaendi. Ndoto zote zilimchora Kyoko peke yake. Katika chumba halisi yumo pia Soichiro, na Godai hawezi kumtoa kichwani. Nimesoma hadithi chache sana, za nchi yoyote, zinazothubutu kusema kwamba tamaa ya mwanamume inaweza kunyamazishwa na heshima na hofu, na kulisema hilo kwa kicheko kisicho na kebehi. Baadaye wanapokuwa pamoja kweli, wako Ikkoku, katika kile chumba namba 5 ambacho kwa miaka kilikuwa baa ya watu wote. Takahashi anachora nyuso zaidi ya miili. Kyoko anamwambia kwamba amempenda tangu zamani. Godai anauliza tangu lini. Kyoko anajibu kwamba amesahau. Jicho la msomaji halina pa kuchungulia hapo. Limepewa nafasi ya mgeni aliyekaribishwa, ambaye anajua wakati wa kugeukia ukutani.

Na kuna siku ya makaburini. Godai anakwenda peke yake kuzungumza na marehemu, bila kujua kwamba Kyoko amefika nyuma yake na anasikia. Hamwombi Soichiro aondoke. Anamwambia kwamba amekuwa sehemu ya Kyoko tangu siku ile walipokutana mlangoni, na kwamba atampokea yeye pamoja na Kyoko. Mwanamume aliyeanza hadithi kwa kumwona mwanamke na kudhani amemwona mzima, sasa anajua kwamba alichokuwa akikitazama muda wote kilikuwa na mtu mwingine ndani yake. Anapomposa, Kyoko anamwomba jambo moja tu, kwamba aishi zaidi yake, hata kwa siku moja. Mjane ndiye pekee anayeweza kuomba hivyo, na ndiyo sababu ombi hilo halikunitoka kichwani kwa wiki nzima.

Michoro ya mwanzo, niseme kwa haki, ni ya kawaida: nyuso za mviringo, pua za nukta, miguu mifupi. Mkono wa Takahashi unakomaa mbele ya macho yako, na kwa kuwa wahusika wanazeeka sambamba na miaka ya jarida, kutoka 1980 hadi 1987, ukuaji wa mchoraji na ukuaji wa Kyoko unakuwa kitu kimoja. Mvua, ngazi za mbao, theluji juu ya ile saa iliyokufa, vyote vinachorwa vizuri zaidi kadiri Kyoko anavyoanza kuvitazama. Upo pia mfululizo wa anime, yaani katuni ya televisheni, wa vipindi 96, na ni mzuri, lakini muziki unaijaza ile kimya ambayo kwenye karatasi ndiyo inayobeba macho ya Kyoko, kwa hiyo ninashauri vitabu vitangulie.

Anayetaka kuijaribu asinunue juzuu ya kwanza peke yake. Sura za mwanzo zina kelele nyingi, na msomaji mwenye haraka anaweza kuifunga akidhani ni hadithi nyingine ya kijana mwenye uchu na mwanamke mrembo. Kuanzia juzuu ya pili kelele zinapata maana. Isitolewe kwa mtoto, kwa ajili ya ulevi kuliko mapenzi. Mtu mzima aliyewahi kupenda kwa kuchelewa, au aliyefiwa na mwenza, ataisoma polepole kuliko anavyotarajia. Mimi juzuu zangu tano za kwanza nimemwazima dada yangu, ambaye ni mjane kwa mwaka wa nne sasa. Juzi alinipigia simu usiku akauliza kama uso wa Soichiro utaonekana mbele ya safari. Nilimjibu kwamba hautaonekana. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia nimpelekee juzuu ya sita.